Mlango wa Chuma na Lango la Wilyankuru



Mwanzoni mwa karne ya 15, Mwitalia Fiore dei Liberi alimwandikia Niccolò III d'Este, mtawala wa Ferrara, kitabu cha mapigano. Kwa upanga wa mikono miwili alitaja mikao 12 ya kujihami, akaigawa mafungu matatu: tulivu, ambayo mpiganaji aweza kungojea humo; isiyotulia, ya kupita tu; na ya kupiga, yenye pigo tayari. Mkao wa Mwanamke, upanga ukiwa begani, ni wa kupiga. Mkao wa Dirisha hautulii. Mkao wa Mlango wa Chuma wa Kati ni tulivu: ncha imeinamishwa, kifua ki wazi. Anayekivamia hukuta upanga wake umepigwa juu kwa nguvu, kisha pigo linamshukia.

Hoja yangu jioni hii ni kwamba kujihami hupimwa kwa hatua inayofuata. Ushahidi wake uko hapa hapa Unyamwezi, kwenye njia ya misafara.

Mwaka 1871 Mirambo, mtemi wa Urambo, alikuwa ameifunga njia ya Tabora kwenda Ujiji. Mwezi Agosti Waarabu wa Tabora, wakiwa pamoja na mwandishi wa habari Henry Morton Stanley, waliteka kijiji chake cha Zimbizo. Mmoja wao, Saud bin Said, akasonga mbele hadi kijiji cha Wilyankuru, akaingia. Mirambo alikuwa ametokea lango la pili. Washindi wakajitwisha pembe za ndovu, wakashika njia ya kurudi, mikono imejaa. Rugaruga, wapiganaji wa Mirambo, wakainuka kwenye majani, huku na huku. Saud akauawa, jeshi likatimua mbio hadi Mfuto. Kabla mwezi haujaisha Mirambo aliichoma Tabora, na Khamis bin Abdallah, mmoja wa Waarabu hao, akauawa.

Sidai kwamba Urambo ilijifunza kutoka Ferrara. Ninachosema ni kuwa palipo na mantiki moja, jina moja linafaa: kijiji kile kilikuwa mkao, na uwazi wake ulikuwa sehemu ya pigo.

Tumtazame sasa Isike, mtemi wa Unyanyembe. Boma lake lilikuwa imara kweli. Mwaka 1892 Wajerumani walilishambulia wakashindwa. Lakini kila ushindi ulimwacha palepale, nao wakapata nafasi ya kujipanga upya. Januari 1893 afisa wao Tom von Prince alivunja lango, na Isike akalipua ghala la baruti akiwa ndani. Ushujaa wake hauna shaka. Mkao wake ulikuwa tulivu, ila haukuwa na pa kuendea.

Kwa hiyo naomba wanafunzi wetu wanapochunguza maboma ya Unyamwezi wasiishie kupima unene wa kuta. Wachore malango, vichaka vilivyokuwa nje, na njia za kutokea. Humo ndimo alimofikiri jemadari.