MISHIPA INAYOLISHA KANSERE
(Mazungumzo kwa mama wa kliniki)

Mama wapenzi, leo tutazungumza juu ya damu na juu ya kansere ya mlango wa kizazi. Sikilizeni vizuri, kisha mtauliza.

Kila fasi ya mwili inataka chakula na hewa. Damu ndiyo inavipeleka, ikipita ndani ya mishipa. Fasi fulani ikikosa hewa, chembe zake zinatoa proteini moja ambayo waganga wanaiita VEGF. Proteini hii ni kama mjumbe. Inafika kwa chembe za mishipa iliyo karibu, inashikamana nazo, nazo zinaanza kuongezeka na kufanya mishipa mipya.

Kazi hii ni njema. Ninyi mliozaa mnajua namna kondo la nyuma linavyojaa mishipa. Mjumbe huyu alisaidia kuifanya, ili mtoto apate chakula tumboni. Kidonda kikipona, yeye tena yuko kazini. Kazi ikiisha, ananyamaza.

Lakini kansere ni mwizi. Bila mishipa yake yenyewe haiwezi kupita sana ukubwa wa milimita 1 ao 2. Basi inamtuma mjumbe yule yule, tena bila kumpumzisha. Munganga Judah Folkman wa Boston, Marekani, alieleza jambo hili mwaka 1971, na wengi hawakumsadiki. Mwaka 1989 Napoleone Ferrara na wenzake waliitambua proteini hiyo.

Mishipa ya kansere inafanywa vibaya: imepindapinda, inavuja, inapasuka upesi. Ndiyo sababu moja mwanamke anatoka damu baada ya kulala na mume wake, ao katikati ya miezi, ao miaka nyuma ya kukoma miezi. Si kila damu ya namna hiyo ni kansere. Lakini si uchawi, wala si jambo la kuficha kwa haya. Mama anayeificha anaiachia kansere wakati wa kula, na kwa mishipa ile ile inapata njia ya kwenda fasi nyingine za mwili.

Mtauliza: hakuna dawa ya kumzuia mjumbe huyo? Iko, inaitwa bevacizumab. Marekani iliikubali mwaka 2004 kwa kansere ya utumbo mkubwa, na mwaka 2014 kwa kansere ya mlango wa kizazi iliyokwisha kuenea. Wanawake waliopewa dawa hiyo pamoja na dawa zingine waliishi karibu miezi 17. Waliopewa dawa zingine tu, karibu miezi 13. Ni faida, lakini si kupona. Tena ni ya bei kali, inapandisha presha, na inachelewesha vidonda.

Kwa hiyo tusingojee mishipa iote. Kansere hii inatangulizwa na mabadiliko madogo, miaka mingi mbele, bila maumivu wala damu. Munganga ao mzalishaji anapakaa siki kwenye mlango wa kizazi, anangoja dakika 1, anaangalia. Fasi yenye mabadiliko inageuka nyeupe. Mara nyingi inaweza kutibiwa kwa baridi kali ao kwa moto, na mama anarudi nyumbani siku ile ile.

Tukumbuke:
1. Ukifika miaka 30, uliza kipimo hiki, hata kama husikii ubaya wowote.
2. Damu isiyo ya wakati wake: kuja kliniki juma hili, usingojee mwezi ujao.
3. Mwambie dada yako, na mama mkwe pia. Aliyekoma kuzaa hajakoma kuwa na kizazi.

Sasa, nani ana ulizo?