Saa za Ziada na Kijana Aliye Nje ya Lango

(Hotuba ya mgeni rasmi, Sikukuu ya Wafanyakazi, Gongoni, Kaunti ya Kilifi)



Kanuni za mishahara za Kenya zinasema wiki ya kazi ni saa 52 kwa siku sita. Anayezidisha hulipwa mara moja na nusu. Siku ya mapumziko au sikukuu, mara mbili. Na ovataimu ina kikomo: kwa mfanyakazi wa mchana, saa zote pamoja zisipite 116 katika wiki mbili.

Sasa tuhesabu pamoja. Anayefanya kazi saa 12 kwa siku, siku sita, kwa wiki mbili amefikisha saa 144. Amepita kikomo kwa saa 28. Watu wanne kama yeye wamepita kwa saa 112. Hiyo ni kazi ya mtu wa tano, tena na zaidi, na huyo wa tano yuko nje ya lango tangu alfajiri, akingoja kuitwa kwenye kibarua.

Sikuja kuwanyang'anya ovataimu. Najua kwa nini baba huikubali: karo, unga na dawa havingoji. Kwa hiyo waajiri, anzeni na mshahara. Mkipunguza saa bila kuuongeza, mtakuwa mmegawa njaa tu.

Viwanda vyetu hapa ni vya chumvi, na chumvi ina msimu wake, nalielewa hilo. Kiangazi mabwawa hukauka na mavuno hayangoji. Masika yakishuka, kazi hulala. Lakini ovataimu ya mwaka mzima, katika kufungasha na kupakia magunia, si dharura. Ni nafasi ya kazi iliyofichwa.

Kilifi tunajua uchungu wa kiwanda kufa. Kile cha korosho kilijengwa miaka ya 1970, miaka ya 1990 kikaanguka, wakulima wakabaki na mikorosho yao. Sitaki kingine kifungwe. Nataka vilivyopo viajiri.

Afisa wa kazi, nakuomba ukague madaftari ya mahudhurio ya viwanda hivi, hasa zamu za saa 12. Nanyi vibarua, andikeni siku na saa zenu wenyewe. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inampa kibarua aliyefanya kazi mfululizo miezi miwili au zaidi haki ambazo angepata kama asingeajiriwa kama kibarua. Zidaini.