Matumizi ya Ofisi ya Huduma za Ajira Chuoni kwa Wanafunzi wa Ngara na Biharamulo

Ofisi ya huduma za ajira chuoni humsaidia mwanafunzi kuitambua kazi inayomfaa, kujiandaa kuiomba na kukutana na wanaoitoa. Katika baadhi ya vyuo ofisi hii inajitegemea, na katika vingine shughuli zake hufanywa na Mshauri wa Wanafunzi. Humo mwanafunzi hufundishwa kuandika wasifu na barua ya maombi, hutafutiwa nafasi ya mafunzo kwa vitendo, huzoeshwa usaili na huelezwa nafasi za kazi zilizotangazwa. Anayeihitaji zaidi ni yule ambaye ukoo wake hauna mtu katika ofisi za Dar es Salaam, Dodoma au Mwanza. Wanafunzi wengi wa Rulenge, Kabanga, Nyakahura na Nyakanazi wako katika hali hiyo: wakifika chuoni hawana wa kuwashika mkono.

Wazazi wengi wa wilaya hizi mbili huona kazi kuwa ni jambo la kupangiwa kituo. Mtazamo huo una historia yake. Kwa miaka mingi baada ya uhuru, serikali ndiyo iliyowapangia kazi wahitimu wa vyuo vikuu. Utaratibu huo ulikoma serikali ilipopunguza ajira, masharti ya uchumi yalipolegezwa katika miaka ya 1980 na 1990. Walimu na wahudumu wa afya waliendelea kupangiwa kwa muda mrefu zaidi, lakini ajira za walimu zilizotangazwa mwaka 2024 zilipitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na waombaji wakaitwa kwenye usaili. Mhitimu wa ualimu anayekaa nyumbani Ngara akisubiri jina lake litoke, bila kuwa ameomba, anasubiri kitu ambacho hakipo tena.

Makosa ya kuitumia ofisi hii huanzia kwenye wakati. Wengi huikumbuka katika muhula wa mwisho, mitihani ikiwa mlangoni, wakitaka waandikiwe wasifu kwa siku moja. Kufikia hapo wasifu wenyewe hauna cha kubeba. Anayefika mwaka wa kwanza hupata nafasi ya kuuliza kozi yake inaajiriwa wapi, ni ujuzi gani wa ziada unaotakiwa, na uongozi wa klabu au kazi ya kujitolea ipi itampa jambo la kuandika. Hupata pia muda wa kufahamiana na wahadhiri. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira humtaka mwombaji ataje wadhamini watatu wa kuaminika, na mhadhiri asiyemfahamu mwanafunzi hana la kumsemea.

Jambo la nyaraka linastahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa ndilo linalowakwamisha vijana wenye sifa kamili. Maombi ya utumishi wa umma hutumwa kwa mfumo wa kielektroniki, na mwombaji huambatisha barua iliyosainiwa, wasifu, vyeti vya kitaaluma na cheti cha kuzaliwa. Hati za matokeo za muda hazikubaliwi badala ya vyeti. Aliyesoma nje ya nchi, kwa mfano Uganda, hutakiwa vyeti vyake viwe vimehakikiwa na mamlaka husika za hapa nchini. Majina nayo ni kikwazo. Mtoto aliyeandikishwa shule kwa jina la ukoo, kisha akabatizwa kwa jina jingine na kupewa cheti cha kuzaliwa chenye jina la tatu, hujikuta nyaraka zake zinamwonyesha kama watu watatu. Marekebisho ya majina hupitia kwa wakili na kwa msajili, nayo hayafanyiki wiki moja kabla ya tangazo kufungwa. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ni ya kuanza kuifuatilia mapema zaidi. Ngara inapakana na Rwanda na Burundi, na katika wilaya za mpakani uhakiki wa uraia hufanywa kwa uangalifu mkubwa, hivyo unaweza kuchukua muda. Mwanafunzi akizipeleka nyaraka zake zote kwa mshauri wa ajira angali mwaka wa pili, kasoro huonekana wakati bado kuna nafasi ya kuzirekebisha.

Mafunzo kwa vitendo, ambayo wanafunzi wenyewe huyaita fildi, ndiyo daraja la uhakika zaidi. Kwa kawaida ofisi ya ajira huwajua waajiri wa mji chuo kilipo. Waajiri wa Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, haiwajui vizuri. Hapo mwanafunzi ndiye wa kuipa ofisi taarifa. Ngara ina mradi wa nikeli wa Kabanga, ambao Tembo Nickel, kampuni ambayo serikali ina hisa za asilimia 16, iliundwa kuuendeleza baada ya makubaliano ya Januari 2021. Wilaya hiyo ina pia mtambo wa umeme wa maporomoko ya Rusumo wenye megawati 80 zinazogawanywa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi, na ina kituo cha pamoja cha forodha mpakani hapo hapo. Biharamulo ina mgodi wa dhahabu wa Stamigold, uliokuwa Tulawaka kabla Shirika la Madini la Taifa (STAMICO) halijauchukua mwaka 2013. Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyotangazwa mwaka 2019, inazigusa wilaya zote mbili. Ziko pia hospitali kama ya Murgwanza, halmashauri, shule, vyama vya ushirika vya wakulima wa kahawa, na biashara ya malori katika njia panda ya Nyakanazi.

Kwa upande wa migodi, kanuni za mwaka 2018 kuhusu ushirikishwaji wa Watanzania katika sekta ya madini humtaka mwenye leseni kuwapa Watanzania kipaumbele katika ajira na mafunzo. Mwanafunzi wa jiolojia, uhasibu au mazingira anayejua hivyo huandika barua ya fildi yenye hoja, na barua hiyo ikienda na utambulisho wa chuo huwa na uzito kuliko ikienda peke yake.

Hata hivyo, kumtegemea mwajiri mmoja ni hatari, na Ngara inalijua hilo. Wakimbizi wa Rwanda walipovuka Rusumo mwaka 1994 na kambi ya Benaco kufurika, mashirika ya misaada yaliajiri madereva, wauguzi, wakalimani na watunza ghala kwa wingi. Lukole, kambi nyingine ya wakimbizi wilayani humo, ilipofungwa mwaka 2008, ajira za aina hiyo zilikuwa zimekauka. Mshauri mzuri wa ajira humwongoza mwanafunzi kuelekea ujuzi unaohamishika: uhasibu wa mgodini unafaa pia katika ushirika wa kahawa.

Mazoezi ya usaili yana faida ya pekee kwa kijana aliyelelewa kunyamaza mbele ya wakubwa. Adabu hiyo ni njema, lakini mbele ya jopo inaweza kudhaniwa kuwa ni kutojua. Kujibu maswali mbele ya mshauri mara mbili au tatu humfundisha kusema aliyoyafanya kwa sauti inayosikika, bila kuacha heshima.

Kuhitimu si mwisho wa huduma. Vyuo vingi huendelea kuwapokea wahitimu wao, hata kwa simu. Nje ya chuo kuna TaESA, huduma ya ajira ya serikali iliyoanzishwa kama wakala mwaka 2008, pamoja na utaratibu wa kitaifa wa mafunzo ya uzoefu kazini kwa wahitimu, uliowekewa mwongozo mwaka 2017.

Halmashauri za Ngara na Biharamulo nazo zina sehemu yao. Kila mwaka, kabla ya msimu wa fildi, ziandike orodha ya idara, hospitali na miradi inayoweza kupokea wanafunzi na kuituma kwa ofisi za ajira za vyuo ambako vijana wao wanasoma.