Bei ya Mafuta, Magari Yetu na Barabara Tunayoilipia

(Maneno haya yalitolewa mbele ya wanaharakati na waumini waliokutana mjini Garissa. Tunayachapisha kwa ukamilifu ili wasomaji wetu wayajadili katika jumuiya na vikundi vyao.)



Najua wengi wenu mmefika hapa baada ya safari ndefu, na kwamba nauli mliyolipa si ile mliyoizoea. Kwa hivyo sina haja ya kuwathibitishia kwamba mafuta yamekuwa ghali. Nimekuja kuzungumza juu ya shauri tunalopewa kila bei inapopanda, kwamba tununue magari yanayotumia mafuta kidogo. Shauri hilo ni jema. Hata hivyo, kwa mtu wa Kaskazini Mashariki ni nusu ya shauri tu. Nusu iliyobaki haimo mikononi mwa mwenye gari, bali imo mikononi mwa wale tuliowapa dhamana ya kutunza fedha zetu.

Tuanze na bei yenyewe. Oktoba 1994 serikali iliondoa udhibiti wa bei za mafuta, na kwa miaka mingi kila kampuni ikauza kwa bei iliyojipangia. Desemba 2010 udhibiti ulirudi. Siku hizi Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli, EPRA, hutangaza kila mwezi bei ya juu kabisa ambayo kituo cha mafuta kinaruhusiwa kutoza katika kila mji. Oktoba 2023 lita moja ya petroli mjini Nairobi ilifika shilingi 217.36, na dizeli shilingi 205.47. Mwaka uliofuata bei hizo zilishuka. Lakini niambieni, ni nani miongoni mwenu aliyeona nauli ikishuka kwa kasi ile ile iliyopandia?

Isomeni orodha hiyo mji kwa mji. Mombasa, ambako meli huteremsha mafuta, bei huwa nafuu kuliko Nairobi. Garissa bei hupita ya Nairobi. Mandera huwa miongoni mwa miji inayolipa bei ya juu kabisa katika Jamhuri nzima. Sababu yake haina fumbo. Bomba la mafuta kutoka Mombasa lilifika Nairobi mwaka 1978, na katika miaka ya 1990 likaendelea hadi Eldoret na Kisumu. Upande wetu halikuelekezwa. Kila lita tunayoitumia hubebwa na lori, na lori hilo huchoma dizeli ili kutuletea dizeli. Maskini wa Mandera hulipia pia mafuta yaliyoteketea njiani.

Sasa tutazame kilichomo ndani ya bei hiyo. Sehemu yake ni gharama ya mafuta katika soko la dunia, ambayo hakuna mbunge wala waziri wetu awezaye kuiamuru. Lakini sehemu kubwa ni ushuru na tozo, na hizo zimeamuliwa na watu wenye majina. Ushuru wa ziada ya thamani, ambao wengi tunaujua kama VAT, uliwekwa kwa mafuta kwa asilimia 8 mwaka 2018. Julai 2023 ukapandishwa hadi asilimia 16. Tozo ya ukarabati wa barabara, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1993, ilipandishwa Julai 2024 kutoka shilingi 18 hadi shilingi 25 kwa kila lita.

Naomba tusimame hapo kwenye tozo ya barabara, kwa maana ndipo penye kiini cha maneno yangu.

Tuseme kuna malori mawili yenye mzigo sawa na safari ya urefu sawa. La kwanza linapita barabara ya lami na kutumia lita 200. La pili linapita mchanga, mashimo na tope, likinguruma kwa gia ndogo, na kutumia lita 300. Hii ni hesabu ya mfano tu, lakini dereva yeyote aliye hapa ataikubali. Kwa tozo ya shilingi 25, mwenye lori la lami amelipa shilingi 5,000 kwa ajili ya barabara. Mwenye lori la mchangani amelipa shilingi 7,500. Yaani kadiri barabara ilivyo mbaya, ndivyo unavyoilipia zaidi! Yule aliyepewa barabara analipa kidogo. Yule aliyenyimwa analipa kingi. Kisha mwaka 2025 shilingi 7 za tozo hiyo zikawekwa rehani ili kupata fedha za kulipa madeni ya makandarasi. Senti ambazo lori la Mandera litazitoa kesho zimekwisha kutumiwa kabla lori halijawashwa.

Iweje basi mtu huyo aambiwe anunue gari dogo? Gari dogo lina faida kubwa kutoka hapa hadi Nairobi, kwa kuwa lami ipo. Lakini mpeleke mwenye gari hilo ndani ya Wajir au Mandera wakati wa mvua, uone kama atarudi nalo. Watu wetu hawakuyapenda magari makubwa yanayokunywa mafuta kwa sababu ya fahari. Waliyachagua kwa sababu mgonjwa lazima afike hospitalini na mbuzi lazima wafike sokoni. Barabara ndiyo inayotuchagulia gari. Anayetaka tubadili magari, na atangulie kubadili barabara.

Wala hali hii haikuteremka na mvua. Waraka wa sera Nambari 10 wa mwaka 1965 ulielekeza fedha za maendeleo kwanza penye ardhi yenye rutuba na mvua ya kutosha. Sisi wa nyika tuliambiwa tungoje. Barabara ya kutoka Isiolo kupitia Wajir hadi Mandera, yenye kilomita zipatazo 740, ilipata ufadhili wa Benki ya Dunia mwaka 2020, miaka 55 baada ya waraka ule. Tunashukuru, lakini tusisahau hesabu ya miaka hiyo. Na hata pale penye lami hatuna salama. Mwishoni mwa 2023, na tena Aprili 2024, mafuriko ya Mto Tana yalikata njia ya Nairobi hapo Mororo, mlangoni mwa mji huu.

Ndugu zangu, nimesema mengi juu ya wenye mamlaka. Lakini mtu mwenye kudai haki hana budi kutazama na nyumba yake. Nami niungame mbele yenu: kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiendesha gari kubwa la dizeli ndani ya mji huu, kwenda benki na kurudi, peke yangu. Siku niliyoketi na kujumlisha risiti za mafuta niliona aibu. Fedha hizo zingeweza kulipa karo ya mtoto. Basi nasema na makanisa na mashirika yetu. Gari kubwa na liwekwe kwa safari za mbali zinazolihitaji. Za mjini zifanywe kwa tuktuk, kwa pikipiki au kwa miguu. Safari mbili za upande mmoja ziunganishwe ziwe moja. Upepo wa magurudumu upimwe kila juma, mzigo usio wa lazima uteremshwe, injini ihudumiwe kwa wakati, na dereva asiendeshe kama anayefukuzwa. Haya ni mambo madogo, lakini haba na haba hujaza kibaba.

Lipo jambo kubwa zaidi, na hili naliweka hasa mbele ya vijana. Desemba 2019 ulifunguliwa hapa Garissa mtambo wa umeme wa jua wenye uwezo wa megawati 50, ambao wakati huo ulitajwa kuwa mkubwa kuliko yote Afrika Mashariki na Kati. Umeme wake huingia katika gridi ya taifa. Mwaka huo huo wa 2019 sheria ilipunguza ushuru wa bidhaa kwa magari ya umeme kutoka asilimia 20 hadi 10. Mwaka 2023 ikawekwa bei maalumu ya umeme wa kuchaji vyombo hivyo, ikiwa nafuu zaidi usiku. Garissa ni mji tambarare, safari zake ni fupi, na tuktuk zake hulala usiku. Je, ni wapi panapofaa tuktuk ya umeme kuliko hapa? Kinachokosekana ni vituo vya kuchajia vyenye kivuli, fundi aliyefunzwa, na mkopo ambao mwendeshaji anaweza kuulipa kidogo kidogo kwa kile alichokuwa akimpa mwenye kituo cha mafuta. Vyama vya akiba na mikopo vya makanisa, pamoja na jirani zetu wa misikiti ambao wana utaratibu wao wa kukopeshana bila riba, vinaweza kuanza na tuktuk chache bila kumngoja mtu.

Na tusifikirie magari peke yake. Katika ukame ulioanza mwishoni mwa 2020, misimu mitano ya mvua mfululizo ilishindwa. Wafugaji walitegemea maji ya malori na ya visima vinavyovutwa kwa pampu za dizeli. Bei ya dizeli ilipopanda, bei ya mtungi wa maji nayo ikapanda. Kila kisima kinachohamishiwa nishati ya jua humwokoa mfugaji kutoka mikono miwili, mikono ya ukame na mikono ya bei.

Hubirini mara nyingi hutukumbusha mfano wa wanawali kumi, tukawasifu watano waliobeba akiba ya mafuta. Ni fundisho la kweli, na nusu ya hotuba yangu imekuwa hiyo. Lakini siku hizi najiuliza habari ya mwanamwali ambaye alikuwa na busara kama wenzake, akafika dukani mapema, akakuta bei imemshinda. Huyo tumwite mpumbavu? Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wazee. Mtume Paulo naye aliwaagiza Wagalatia wabebeane mizigo. Mtu wa Nairobi hawezi kuuona uzito wa mzigo wa Mandera mpaka tumpe aushike.

Kwa hivyo nawaachia mambo matatu ya kudai.

La kwanza, bei inapotangazwa, isomwe hadharani kanisani, msikitini na barazani, pamoja na mchanganuo wake: kiasi gani ni mafuta, kiasi gani ni ushuru, kiasi gani ni tozo. Mwananchi asiyejua anachokilipia hawezi kuuliza kilikokwenda.

La pili, tudai hesabu ya tozo ya barabara kwa kila kaunti: Garissa, Wajir na Mandera zimechangia kiasi gani na zimerudishiwa nini. Kifungu cha 201 cha Katiba ya 2010 kinataka uwazi katika fedha za umma, na kwamba mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki. Tutumie vikao vya ushirikishwaji wa umma. Tusiende huko kunywa soda na kutia sahihi.

La tatu, Kifungu cha 204 kiliunda Hazina ya Usawazishaji, nusu asilimia ya mapato ya taifa kila mwaka, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyoachwa nyuma. Hazina hiyo ilipewa miaka 20 tangu 2010, isipokuwa Bunge liiongezee muda. Fedha zake zimetoka kwa kuchelewa na kwa matone. Kila anayekuja kutuomba kura na aulizwe jambo moja: utafanya nini ili hazina hii isifungwe kabla haijatufikia?

Tukumbuke, kabla sijaketi, basi la Mandera lililoshambuliwa karibu na El Wak mnamo Desemba 2015. Abiria Waislamu walikataa kutenganishwa na Wakristo, na mwalimu Salah Farah akapigwa risasi na baadaye akafa kwa majeraha yake. Wale hawakuuliza basi lile ni la nani. Walijua kwamba wamo safarini pamoja. Nasi tusiache bei ya mafuta itutenganishe, wenye gari upande huu na wasio nalo upande ule, wa lami huku na wa mchanga kule. Tubadili magari yetu pale tunapoweza. Na pale tusipoweza kwa sababu barabara haiko, tuseme kwa sauti moja kwamba tumekwisha kuilipia.