Uwanja ni wa Nani?

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Kamati imetupa kazi ya kusema machache juu ya michezo kabla Mkutano haujagawanya fungu la fedha za michezo la mwaka ujao. Neno letu ni moja: uwanja usiofikiwa na watoto wa kike hauwezi kuitwa uwanja wa watu wote, hata kama hauna ukuta wala lango.

Wazee waliomo humu hawahitaji kufundishwa maana ya kuzuiliwa. Zamani za ukoloni vilabu vya michezo hapa Kenya viligawanywa kwa rangi ya watu. Katika vilabu vya Wazungu Mwafrika aliingia kukata majani, kuandaa meza au kumbebea mchezaji mfuko wa gofu, wala si kucheza. Mpita njia angeweza kusema kwamba Mwafrika hapendi gofu. Lakini kutocheza si kutopenda, na kutoshinda si kutoweza. Yafaa kwanza tuulize njia ilikuwaje.

Na tuitazame habari ya mbio, zilizoipatia nchi yetu sifa. Wilson Kiprugut alipata nishani ya shaba mjini Tokyo mwaka 1964, nayo ilikuwa ya kwanza kwa Kenya katika Michezo ya Olimpiki. Mwanamke wa kwanza wa Kenya kupata nishani huko ni Pauline Konga, mjini Atlanta mwaka 1996, yaani miaka 32 baadaye. Je, miaka yote hiyo dada zetu walikosa miguu? La, hasha. Konga alipata nishani yake ya fedha katika mbio za mita 5,000, na mwaka huo ndio kwanza wanawake waliwekewa mbio hizo katika Olimpiki, hali wanaume walikuwa wakizikimbia tangu 1912. Vivyo hivyo mbio za kuruka viunzi na maji: wanawake waliwekewa mara ya kwanza mjini Beijing mwaka 2008, na Eunice Jepkorir akarudi na fedha. Huko huko Beijing Pamela Jelimo, msichana wa miaka 18, alishinda mita 800, ikawa dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kwa mwanamke wa Kenya. Mbio hizo nazo wanawake waliondolewa baada ya 1928, kwa madai kwamba miili yao haiziwezi, wakarudishiwa mwaka 1960. Mlango ulipofunguliwa ndipo ilipojulikana ni nani waliokuwa nje.

Sasa turudi nyumbani. Hapa hakuna sheria inayomkataza msichana kucheza. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 27, yampa haki sawa na ndugu yake. Lakini viko vizuizi visivyoandikwa. Saa kumi za jioni, mvulana ashikapo mpira, dada yake ashika ndoo ya maji, au ana mtoto mgongoni. Amalizapo kazi, jua linakuchwa, na mzazi ana haki kuiogopa njia yenye giza. Hana vazi la michezo la heshima, wala mahali pa kubadilishia nguo. Kila kimoja ni kidogo. Vikijumlishwa ni ukuta.

Wako watakaosema kwamba mtoto wa kike ataolewa, atazaa, na michezo itakuwa imekwisha. Faith Kipyegon alijifungua mwaka 2018, kisha akashinda mita 1,500 mjini Tokyo mwaka 2021, na tena mjini Paris mwaka 2024. Hata hivyo hatusemi haya kwa tamaa ya nishani. Watoto wetu wengi, wa kiume na wa kike, hawatapata nishani yoyote. Mvulana hatumwulizi nishani kabla ya kumpa mpira. Twampa ili apate afya, ajue kushindwa bila kununa, na kusikilizana na wenzake. Basi msichana naye asidaiwe nishani kwanza.

Kwa hiyo twauomba Mkutano mambo matatu. Kwanza, nusu ya fungu la michezo iwe ya wasichana, na mavazi yao yanunuliwe humo. Pili, jioni mbili katika kila juma uwanja uwe wao, na mchezo ukome kabla jua halijachwa. Tatu, akina mama wawili waingie katika kamati ya michezo, kwa kuwa wao ndio wajuao lipi humzuia binti.

Liko na la nne, lisilohitaji fedha wala kura. Jioni hizo mbili, ndoo ya maji na ichukuliwe na kaka mtu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.