Msikivu na Msikilizaji: Kiswahili na Utambuzi wa Haiba katika Mazungumzo ya Watu Wasiojuana



Utangulizi

Vijana sita waliohitimu chuo wameketi kuizunguka meza moja. Hawajuani. Wamepewa mada na nusu saa ya kuijadili, na kando yao wamekaa watu watatu wenye karatasi na kalamu ambao hawasemi neno. Nusu saa ikiisha, wasaili hao watakuwa wameandika mbele ya kila jina maneno mawili matatu: "anajiamini", "mkimya", "mchangamfu", "hana msimamo". Kijana mmoja atapata kazi kwa maneno hayo, na watano watarudi nyumbani.

Usaili wa namna hii una asili ya kijeshi. Mwaka 1942 jeshi la Uingereza lilianzisha mabaraza ya kuteua maofisa, na Wilfred Bion, tabibu wa magonjwa ya akili, akatumia humo zoezi la kikundi kisicho na kiongozi: watu wasiojuana wanapewa jambo la kufanya, wanaachwa, na wanatazamwa. Baada ya vita zoezi hilo liliingia katika ajira za kiraia, na leo si jambo geni katika makampuni na mashirika ya Afrika Mashariki.

Iwapo zoezi hilo lina manufaa au halina ni suala la wanasaikolojia. Mhadhara huu unashughulikia sehemu yake iliyo mali ya wanaisimu, nayo ni yale maneno mawili matatu. Msaili anapomwita mtu "mchangamfu" au "msikilizaji", ametaja nini hasa: alichokiona mezani, au anachodhani kimo ndani ya mtu? Hoja itakayotetewa ni kwamba sarufi ya Kiswahili ina njia yake ya kuyatenga mambo hayo mawili, na kwamba msaili asiyeizingatia huwahukumu watu kwa jambo ambalo hakuliona.

Tabia, silika na mwenendo

Maneno makuu ya uwanja huu hayana asili moja. Tabia, silika na hulka yametoka katika Kiarabu. Mzizi uliozaa tabia ndio uliozaa matbaa, yaani mahali pa kupigia chapa. Fikra iliyomo ni ya alama iliyogandamizwa ikabaki. Hulka inatokana na mzizi wenye maana ya kuumba. Mwenendo, kwa upande wake, ni neno la Kibantu lililonyambuliwa kutokana na kitenzi enda, na anayelitumia humtazama mtu akiwa njiani. Waswahili wameyatumia yote bila kuyagombanisha, lakini mtafiti hana budi kukumbuka kwamba mwenendo huonekana kwa macho, ilhali tabia hukisiwa kutokana na mwenendo.

Kuwagawa watu kwa aina zao ni jambo la kale. Theophrastus, mwanafunzi wa Aristotle, aliacha michoro 30 ya watu wa namna mbalimbali, na mmojawapo ni mpayukaji anayejiketisha kando ya mtu asiyemjua na kuanza kumsimulia sifa za mkewe, ndoto aliyoiota na chakula alichokula. Tiba ya Wagiriki, iliyopokewa na kuendelezwa na matabibu wa Kiislamu, ililiingiza katika Kiswahili neno safura, lililokuwa jina la nyongo ya manjano, mojawapo ya majimaji manne yaliyodhaniwa kutawala miili na hasira za watu. Leo safura ni ugonjwa wa minyoo inayomaliza damu, wala hakuna anayekumbuka kwamba iliwahi kueleza ukali wa mtu. Katika karne ya 20 mgawanyo uliovuma zaidi ulikuwa wa Carl Jung, aliyetofautisha mwaka 1921 kati ya watu wanaoelekea nje na wale wanaoelekea ndani.

Kwa mwanaisimu, hata hivyo, tarehe zenye uzito zaidi ni nyingine. Mwaka 1884 Francis Galton alipendekeza kwamba haiba za watu zitafutwe katika kamusi, kwa kuwa jamii haikosi kulipa jina jambo inalolijali. Mwaka 1936 Gordon Allport na Henry Odbert walilitekeleza wazo hilo kwa kuchambua kamusi kubwa ya Kiingereza. Walipata maneno 17,953 ya kumwelezea mtu. Kisha ikawabidi wayachambue kwa mkono: haya ni ya sifa zinazodumu, yale ni ya hali zinazopita, na mengine ni ya kusifu au kulaumu tu. Ya sifa zinazodumu yalikuwa 4,504. Kutokana na orodha hiyo, kwa kupunguzwa na kuchakatwa kwa hesabu miaka mingi, ndipo zilipopatikana zile zinazoitwa sifa kuu tano za haiba, ambazo sasa husambazwa duniani kana kwamba zimo katika damu ya kila binadamu.

Zimo? Watafiti waliowapima Watsimane 632 nchini Bolivia, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2013, hawakuzipata sifa hizo tano. Mwaka 2020 Amber Gayle Thalmayer, Gerard Saucier na wenzao walichapisha utafiti uliojengwa juu ya msamiati wa lugha mbili za Afrika, Kimaasai na Kisenufo cha Supyire kinachosemwa Mali. Huko nako zile tano hazikujitokeza kama zinavyojulikana. Matokeo haya hayamshangazi mtu aliyezoea kufasiri. Aliyeanza na msamiati wa lugha moja atapata ramani ya lugha hiyo kwanza.

Kiambishi -fu na kiambishi -ji

Kazi ambayo Allport na Odbert waliifanya kwa mkono, Kiswahili huifanya kwa sehemu kubwa kwa unyambuzi. Vivumishi asilia vya Kiswahili ni vichache, hivyo watu hutajwa zaidi kwa maneno yaliyotokana na vitenzi, na vitenzi hivyo si vya namna moja.

Zitazamwe jozi chache. Kutokana na sikia tunapata msikivu. Kutokana na sikiliza tunapata msikilizaji. Changamka huzaa mchangamfu. Changamsha huzaa mchangamshaji. Tulia huzaa mtulivu, na tuliza huzaa mtulizaji. Katika kila jozi, neno lenye -fu au -vu limetoka katika kitenzi cha hali, yaani jambo linalompata mtu au linalokaa ndani yake. Neno lenye -ji limetoka katika kitenzi cha kutenda kwa kukusudia, mara nyingi chenye kiambishi cha kusababisha. Msikivu ana jambo ndani yake hata akiwa peke yake chumbani. Msikilizaji anahitaji kitu cha kusikiliza. Ndiyo maana redio ina wasikilizaji, na hakuna mtangazaji anayewasalimu "wasikivu" wake akitaraji kueleweka vile vile. Mchangamshaji anaweza kuwa mtu mwenye huzuni nyingi anayejua kazi yake. Wachekeshaji wengi si wacheshi, na wake zao wanajua.

Mlalamikaji na mlalamishi wanatengana kwa njia iyo hiyo. Wa kwanza ana shauri mahakamani, na shauri likiisha jina linamtoka. Wa pili ataendelea kulalamika hata akishinda. Ni kweli kwamba magazeti ya Kenya hulitumia mlalamishi kwa maana ya mwenye shauri, na matumizi hayo hayana kosa. Yanaonyesha tu kwamba mpaka unaozungumzwa hapa ni mwelekeo wa lugha, wala si ukuta. Msemaji naye huuvuka: yaweza kuwa cheo cha mtu katika wizara, na yaweza kuwa sifa ya mtu asiyechoka kusema. Kuyakusanya maneno ya kundi hili kutoka katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu, na kuyapima kwa wasemaji wa sehemu mbalimbali, ni kazi ambayo ingemfaa mwanafunzi wa uzamili.

Upo pia utengano wa kisintaksia. "Ana haya" husemwa juu ya mtoto aliyejificha nyuma ya mamake leo. "Ni mwenye haya" husemwa juu ya mtu aliyejulikana miaka. "Amenyamaza", "mnyamavu" na "hana la kusema" ni hukumu tatu zilizo mbali mbali, na mtu wa nne mezani aliyefunga mdomo kwa dakika kumi anaweza kupewa yoyote kati yake.

Mgeni mezani

Kiswahili hakina majina mawili tofauti ya mtu asiyejulikana na mtu aliyekaribishwa. Wote ni wageni. Hivyo watu sita wasiojuana wakikutana mezani, wote sita ni wageni na hakuna mwenyeji, na adabu ya mgeni inajulikana: hukaa anapoonyeshwa, husubiri kuulizwa, hasifu nafsi yake. Methali isemayo mgeni apewe jembe siku ya tatu inamwachia siku mbili kamili kabla ya kumpima, na kipimo chenyewe ni kazi. Usaili humpima katika nusu saa ya kwanza, tena kwa maneno.

Ndani ya nusu saa hiyo lugha hufanya mambo ambayo karatasi ya alama haina nafasi yake. Kijana anaanza, "Naomba niongezee pale alipoishia mwenzangu," kisha anatoa hoja mpya kabisa, isiyohusiana na ya mwenzake. Fomula hiyo ni ufunguo wa kuingilia mazungumzo bila kuonekana mnyang'anyi. Msaili aliyefundishwa kutafuta mawazo asilia huandika kwamba msailiwa amefuata mkumbo. Mwingine anasema "sisi tunaonelea" akiwa na maana ya "mimi naona", akikwepa kujikweza. Anaandikiwa kwamba hana msimamo. Wa tatu, akigundua kwamba mwenzake wa upande wa pili anamzidi umri, anamwamkia "shikamoo, kaka", na tangu hapo hampingi waziwazi. Anampinga kwa -nge-: ingekuwa vyema, tungeweza pia kutazama. Upinzani umefanyika wote, kwa utaratibu ambao kila Mswahili mezani ameusikia.

Kisha kuna utani. Mhehe na Mngoni wanapotambuana katika kundi la wageni, au Mnyamwezi na Mzaramo, matusi huanza mara moja na chumba chote hucheka. Makabila yaliyowahi kupigana katika karne ya 19, au yaliyokutana katika misafara ya biashara, yaliachia vizazi vyao haki ya kutaniana bila kukasirikiana, na haki hiyo ni mojawapo ya njia za haraka mno za kumgeuza mgeni kuwa ndugu. Robert Bales wa Harvard, katika kitabu chake cha mwaka 1950, aliyagawa matendo yote ya mazungumzo ya vikundi katika makundi 12, kuanzia kuonyesha mshikamano hadi kuonyesha uadui. Mtazamaji asiyeujua utani angeuandika katika kundi la 12. Mahali pake ni katika la kwanza.

Bales anastahili heshima, kwa maana alihesabu matendo: nani ametoa rai, nani ameuliza, nani amekubali. Kwa istilahi ya mhadhara huu, alikaa upande wa -ji. Yeye na wenzake waliona pia kwamba mtu anayeongoza kwa mawazo katika kikundi mara nyingi siye anayependwa zaidi. Waliomfuata, hasa katika ofisi za ajira, ndio waliovuka haraka kutoka msemaji hadi kiongozi. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba aliyesema kwa muda mrefu zaidi ndiye anayedhaniwa kuwa na sifa za uongozi.

Limebaki suala la lugha yenyewe ya usaili. Katika Tanzania kijana huyu alisoma shule ya msingi kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza, na mazungumzo haya ya kupimwa mara nyingi huendeshwa kwa Kiingereza. Mtu aliye mcheshi, mwepesi wa kujibu na mjuzi wa kutuliza ugomvi kwa Kiswahili anaingia chumbani na kuviacha vyote mlangoni. Kinachopimwa humo ni ufasaha. Kinachoandikwa ni haiba.

Kilichotokea Connecticut

Mwaka 1946 Kurt Lewin aliendesha warsha katika jimbo la Connecticut, Marekani, iliyowakutanisha walimu na wafanyakazi wa jamii ili wajifunze kwa majadiliano ya vikundi namna ya kupunguza ubaguzi. Mchana washiriki walijadiliana. Jioni wataalamu walikutana peke yao, na watazamaji wakaripoti nani alisema nini na kwa nini. Jioni moja washiriki wachache waliomba kuingia wasikilize, na Lewin akawaruhusu. Mtazamaji mmoja akaeleza mwenendo wa mwanamke fulani na sababu zake, na mwanamke huyo, aliyekuwa amekaa pale pale, akasema kwamba haikuwa hivyo, na akasimulia jambo lilivyokuwa kwa upande wake. Jioni iliyofuata washiriki wengi zaidi walikuja. Kutokana na vikao hivyo ndipo ilipozaliwa mafunzo ya vikundi yaliyoanza Bethel, jimboni Maine, mwaka 1947, baada ya Lewin mwenyewe kufariki.

Wasaili wa kwetu wangeweza kuanza na jambo dogo kuliko hilo, nalo ni kuigawa karatasi ya alama katika safu mbili. Safu ya kwanza iwe ya vitenzi na maneno ya -ji pekee: aliuliza, alimkatiza mwenzake, alikuwa mtulizaji walipogombana. Safu ya pili, ya mtulivu na msikivu na mwaminifu, iachwe wazi hadi mtu huyo aonekane zaidi ya mara moja, na katika lugha aliyoizoea. Kisha msailiwa asomewe safu ya kwanza kabla hajaondoka, aweze kusema kama yule mwanamke kwamba haikuwa hivyo. Kwa sasa yule kijana wa nne mezani, aliyenyamaza kwa sababu aliyeketi mbele yake ni rika la mjomba wake, hupokea barua ya mistari miwili, na neno lililoandikwa mbele ya jina lake hubaki katika jalada ambalo hatalifungua kamwe.