Tita la fimbo na shoka: tuutambue ufashisti kabla haujafika mlangoni

Maneno yaliyotolewa mjini Lubumbashi mbele ya familia zilizohamishwa na vita, wazee wa jamii na viongozi wa mitaa



Katika mkutano uliopita kijana mmoja alituuliza hivi: "Kwenye redio wanasiasa wanaitana mafashisti. Je, hilo ni tusi tu, au ni kitu chenye maana?" Siku ile tulimjibu kwa kifupi, na jibu letu halikutosha. Leo tumekuja kulijibu swali lake vizuri, kwa sababu watu waliokimbia nyumba zao wana haki ya kujua jina la kitu kilichowakimbiza.

Sisi tunaozungumza nanyi ni watu wa mchanganyiko. Wengine wetu wazazi wao ni wenyeji wa Katanga. Wengine babu zao walitoka Kasai. Wengine walifika hapa wakitoka Mitwaba, Pweto na Manono, wakiwa na watoto mgongoni. Maneno ya leo tumeyapima kwanza kati yetu, na si siku zote tulikubaliana kwa urahisi.

Neno lilitoka wapi

Ufashisti ulizaliwa Italia. Mwaka 1919, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Benito Mussolini aliwakusanya mjini Milan watu wenye hasira: askari waliorudi vitani bila kazi, vijana wasioona njia, na watu walioogopa migomo ya wafanyakazi. Mwezi wa Oktoba 1922 wafuasi wake wenye mashati meusi waliandamana kuelekea Roma, na mfalme akampa Mussolini serikali. Mwaka 1924 mbunge Giacomo Matteotti, aliyesema waziwazi bungeni juu ya udanganyifu na ukatili wao, aliuawa. Kufikia mwisho wa mwaka 1926 vyama vingine vyote vilikuwa vimepigwa marufuku.

Jina lenyewe linatokana na neno la Kiitaliano lenye maana ya tita. Alama yao ilikuwa tita la fimbo zilizofungwa pamoja, na shoka limechomekwa kati yake. Sisi pia tunalijua somo la tita. Wazee wetu wametufundisha kwamba fimbo moja huvunjika, lakini fimbo nyingi zikifungwa pamoja hazivunjiki. Ndiyo maana neno hili huwavuta watu: linaanza na umoja, na nani asiyependa umoja? Lakini tujiulize maswali mawili. Nani anaifunga kamba? Na shoka lile ni la kumkata nani?

Mawazo matano

Wazo la kwanza: taifa ni kila kitu, na mtu si kitu. Mwaka 1932 Mussolini, akisaidiwa na mwanafalsafa Giovanni Gentile, aliandika mafundisho haya: dola ndiyo inayompa mtu thamani, na nje ya dola mtu hana thamani. Hapo hakuna baba, mama, imani wala dhamiri inayoweza kusema "hapana".

Wazo la pili: tulikuwa wakubwa, tukaibiwa ukubwa wetu. Mussolini aliwakumbusha Waitaliano fahari ya Roma ya kale. Mtu mwenye njaa akiambiwa kwamba babu zake walikuwa wafalme, anaacha kuuliza kwa nini leo hakuna mshahara. Anauliza tu: nani alituibia?

Wazo la tatu: mwizi yumo ndani ya nyumba. Anakula nasi, anasoma na watoto wetu, lakini si mmoja wetu. Nchini Ujerumani Hitler alilifikisha wazo hili mwisho wake kwa kuwaua Wayahudi milioni sita. Italia nayo ilitunga sheria dhidi ya Wayahudi mwaka 1938.

Wazo la nne: kiongozi hakosei. Kwenye kuta za Italia iliandikwa kwamba Mussolini ana haki daima. Vijana walifundishwa maneno matatu: amini, tii, pigana. Hakukuwa na neno la nne la kusema "fikiri".

Wazo la tano: vita ni vizuri, na amani ni ya wanyonge. Kwa fashisti, kupiga ni dalili ya nguvu na kusikilizana ni dalili ya woga. Kwa hiyo huwatafuta kwanza vijana wasio na kazi, akawapa wimbo, sare na fimbo.

Mawazo hayo hayakubaki Ulaya. Oktoba 1935 jeshi la Mussolini liliivamia Ethiopia na kutumia gesi ya sumu. Mwezi wa Februari 1937 Waitaliano waliwaua maelfu ya raia mjini Addis Ababa. Askari Wakongomani walikuwa miongoni mwa waliowashinda. Mwaka 1941 walipigana nao Asosa na Gambela, na mwezi wa Julai jeshi la Italia lilisalimu amri huko Saïo.

Lakini tusijisifu haraka. Mwezi wa Desemba mwaka uleule wa 1941, askari wa serikali ileile ya kikoloni waliwapiga risasi wafanyakazi wa Union Minière waliokuwa wamegoma katika mji wetu huu, ulioitwa wakati ule Élisabethville. Makumi ya watu walikufa. Mtu anaweza kuupiga ufashisti ugenini na kuifuata tabia yake nyumbani.

Yaliyotupata sisi

Wazee waliopo hapa wanakumbuka wakati wa MPR, chama kilichoanzishwa mwaka 1967. Kila Mzaire alihesabiwa kuwa mwanachama tangu kuzaliwa, apende asipende. Mwaka 1974 mawazo ya Mobutu yaliandikwa katika katiba kuwa mafundisho ya chama. Hatusemi kwamba Mobutu alikuwa Mussolini. Tunasema kwamba watu waliolelewa miaka mingi katika nyumba yenye sauti moja hawazoei kuishi na sauti mbili.

Sasa tufike mahali penye kidonda. Tunaomba tusikilizane kwa upole.

Tangu zamani za ukoloni, Union Minière na kampuni ya reli waliwaleta watu wa Kasai kufanya kazi Katanga. Reli ilifika Ilebo mwaka 1928, na njia ikawa rahisi zaidi. Wengi walizaliwa hapa, wakasoma hapa, wakapata kazi za ofisi na za ufundi. Wenyeji wengi walijiona wameachwa nyuma katika ardhi yao wenyewe. Manung'uniko hayo yalikuwa ya kweli, na hatutayafuta kwa maneno matamu.

Kisha njaa ikaja. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Kufikia mwaka 1994 shaba iliyotoka ilikuwa chini ya tani 50,000. Walioiacha kampuni ikaoza walikuwa mbali, tena walikuwa na ulinzi. Jirani wa Kasai alikuwa karibu, wala hakuwa na ulinzi.

Tarehe 15 Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Taifa mjini Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu mahali pa Nguza Karl-i-Bond, mtu wa Katanga. Gavana wa jimo letu, lililoitwa Shaba wakati ule, alikuwa Kyungu wa Kumwanza, mwenzake Nguza katika chama cha UFERI. Hotuba zilisema kwamba Katanga ni ya Wakatanga, na kwamba wengine warudi kwao. Watu wa Kasai waliitwa bilulu, yaani wadudu. Vijana wa chama, walioitwa Juferi, walipita mitaani. Fujo zilianza Lubumbashi mwezi wa Agosti, zikafika Likasi baada ya wiki chache, na Kolwezi mwezi wa Machi 1993. Nyumba ziliporwa na kuchomwa. Mamia ya maelfu ya watu walifukuzwa. Wengi walilala majuma na miezi kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi wakingoja treni, na watoto walikufa pale kwa magonjwa na njaa.

Je, huo ulikuwa ufashisti? Waliofanya hayo hawakusoma kitabu cha Mussolini, na hawakuwa na dola yote mikononi mwao. Lakini hebu yahesabuni yale mawazo matano. Utukufu wa Katanga uliopotea ulikuwapo. Mwizi aliyemo ndani ya nyumba alikuwapo. Mkubwa asiyejibiwa alikuwapo. Kijana asiye na kazi aliyepewa fimbo alikuwapo. Na mtu mmojammoja, mwalimu huyu, fundi yule, mama muuza makala wa jirani, hakuonekana tena. Lilionekana kabila tu.

Mwaka uliofuata, 1994, majirani zetu wa Rwanda waliona mwisho wa njia hiyo. Huko redio RTLM iliwaita Watutsi mende kabla na wakati wa mauaji ya kimbari. Mdudu haulizwi jina lake, hukanyagwa tu. Kwa hiyo, ndugu zetu, siku mtakaposikia watu wanaitwa wadudu, msingoje kuona panga. Kazi ya panga imekwisha kuanza.

Nani alipata faida

Tunataka mlishike jambo moja hata mkisahau mengine yote. Mwaka 1980 Kyungu na Tshisekedi walikuwa pamoja kati ya wabunge 13 waliomwandikia Mobutu barua ya kumpinga. Mwaka 1992 waliwekwa kuwa maadui, na Mobutu akapumua, kwa maana wapinzani wake walikuwa wakipigana wenyewe. Mwaka 2016 walikutana tena katika muungano mmoja wa upinzani. Leo wote wawili wamefariki: Tshisekedi mwaka 2017, Kyungu mwaka 2021.

Wakubwa walipatana. Hatuwalaumu kwa kupatana, kwani amani ndiyo kazi yetu. Lakini aliyepoteza nyumba Likasi hakurudishiwa ufunguo wake siku ile. Aliyemzika mtoto stesheni hakuitwa mezani. Na kijana aliyechoma nyumba ya jirani hakupata kazi Gécamines, maana hakukuwa na kazi. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na tembo wakipatana, nyasi haziulizwi.

Neno kwa familia zilizohamishwa

Mama zetu na baba zetu, neno hili ni gumu kulisema mbele ya watu wenye uchungu. Mtu aliyefukuzwa anaweza naye kuibeba mbegu ileile katika mzigo wake. Jioni tukila bukari, mtoto akituuliza, "Nani alituchomea nyumba?", tunamjibu kwa jina la mtu, au kwa jina la kabila? Tukimjibu, "Ni wale, wote wako hivyo," tumemfundisha wazo la tatu kwa mdomo wetu wenyewe.

Tusiseme uongo kwamba hakuna aliyetenda. Waliotenda wana majina, na haki ina mlango wake. Lakini tuwaambie watoto pia habari za wale waliowaficha jirani zao chumbani, na waliowapa maji njiani. Mtoto anayejua hayo mawili ni vigumu kumvisha sare ya chuki.

Neno kwa viongozi

Viongozi wa mitaa, usipoziba ufa utajenga ukuta. Tunawaomba mambo manne.

1. Malalamiko ya wenyeji juu ya kazi, mashamba na maji yasikilizwe mapema, mbele ya watu, na wageni wakiwapo. Manung'uniko yasiyosikilizwa humwendea mtu mwenye kipaza sauti.

2. Mtu akiwaita wengine wadudu au nyoka katika kanisa, soko au mkutano wenu, akatazwe papo hapo. Sheria ya mwaka 1966 dhidi ya ubaguzi wa rangi na wa kabila inaadhibu maneno ya namna hiyo, na katiba ya mwaka 2006 inampa kila mtu haki ya kuchagua mahali pa kukaa nchini.

3. Vijana wasitumwe kulinda heshima ya mkubwa yeyote. Mkubwa anayehitaji vijana wenye fimbo hana hoja.

4. Orodha za msaada zisiandikwe kwa kabila. Mwenye haja aandikwe kwa haja yake.

Tunajua kwamba miaka hii tena maneno yamekuwa makali katika mji wetu kati ya wanaojiita wenyeji na wanaoitwa wageni. Ndiyo sababu hatukungoja siku nyingine.

Tunarudi kwenye tita. Mama akienda msituni hufunga kuni ili apike, na watu wa nyumbani wale. Tita lake halina shoka ndani, na likifika nyumbani hufunguliwa. Umoja tunaoutafuta ni wa namna hiyo: kila ukuni unabaki ukuni, na moto wake ni wa wote.

Maswali ya kujadili katika vikundi: Ni maneno gani ya dharau tunayoyasikia sasa katika mtaa wetu? Ni malalamiko gani ya kweli yaliyojificha nyuma yake? Nani kati yetu atakwenda kuzungumza na waliyoyasema, na lini?